Dada Eula Aliyekwenda Marekani Kila Siku

“Hivi wewe Eula, unakwenda Marekani kila asubuhi na jioni umesharudi, mbona hujatuletea hata kipande cha sabuni?”

Aliyemuuliza hivyo ni Bwana Granville, jirani yetu wa ng’ambo ya barabara hapa mtaani Fox Hill. Bwana Granville alikuwa dereva wa teksi, na tangu miguu imshinde kazi yake ni kukaa barazani na kumsemesha kila anayepita. Jioni hiyo Dada Eula alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye basi, yuko ndani ya sare yake ya bluu, viatu kavishika mkononi kwa uchovu.

“Sabuni ipo,” akamjibu. “Ya kupigia deki. Nikuletee uogee?”

“Maadamu ni ya Marekani, hata ya deki naoga.”

“Utateleza uvunjike kiuno, Bwana Granville. Halafu baraza litabaki tupu na sisi tutakosa wa kutuchunga.”

Mke wa Bwana Granville alicheka huko jikoni mpaka tukamsikia barabarani. Nami nilicheka, nilikuwa natoka dukani na unga wangu. Lakini yale maneno yalikuwa ya kweli, na ndiyo maana nayaandika. Dada huyu, Eulamae Armbrister, ambaye nimekaa naye benchi moja kanisani tangu wote wawili tukiwa na viuno vyembamba, alikuwa akiingia Marekani kila siku ya kazi, na maishani mwake hakuwahi kupanda ndege.

Waliosafiri kutoka hapa Nassau, mji mkuu wa visiwa vyetu, wanaujua ule ukumbi wa uwanja wa ndege. Unaagana na watu wako, vijana wetu wanakukagua, unavua viatu na mkanda, mashine inatazama ndani ya begi lako. Kisha unapita mlango wa kioo, na mbele yake sakafuni kuna mstari. Ukishauvuka, anayekungoja dirishani ni Mmarekani. Serikali yake imemleta akae kwetu ili akuulize hapahapa yale ambayo angekuuliza kwao: unakwenda kwa nani, utakaa muda gani, umebeba nini. Akikukubali, umeshaingia. Huko Miami unashuka na kutoka nje kama mtu aliyetoka kwa jirani, hakuna wa kukuuliza kitu. Akikukataa, unageuka na kurudi nyumbani kwa basi.

Dada Eula alikuwa mfagizi wa upande ule wa pili wa mstari. Alikuwa na kitambulisho shingoni, fagio, ndoo, na pipa la njano lenye magurudumu. Bendera yao ilikuwa juu ya kichwa chake, na nje ya dirisha lilikuwa bwawa letu lilelile na misonobari yetu ileile.

“Kuna ndege mweupe,” aliniambia siku moja tukiwa tunachambua mbaazi kwake, “husimama kwenye maji asubuhi, mguu mmoja. Yeye yuko kwetu. Mimi niko Marekani na fagio. Tunatazamana kwenye kioo, na wakati mwingine sijui kati yetu ni nani anayemwota mwenzake.”

“Dada Eula, wewe unasinzia kazini.”

“Labda. Lakini hata ukisinzia sakafu inang’aa.”

Lile pipa la njano ndilo lililokuwa likimwumiza roho. Matunda na mimea haivuki ule mstari, wala mbegu, wala udongo hata wa kujaza kiganja, kwa kuwa wanaogopa wadudu na magonjwa ya mashamba. Na watu wetu hawawezi kwenda kwa ndugu mikono mitupu. Basi kila siku wale maofisa walikuwa wanatoa kwenye mabegi mastafeli yaliyofungwa kwa taulo, mapera, matopetope, majani ya dawa ya homa, miche iliyoviringishwa kwenye soksi. Vyote vinaingia pipani, na Dada Eula analisukuma mpaka kwenye chumba cha nyuma chenye mashine ya kusaga. Alisema akifunua kile kifuniko harufu inampanda kichwani kama moshi wa ubani, anaona viwanja vya bibi zetu wote vimesogezwa pamoja, kuku wanapita, jua linachuja kwenye majani. Anasimama kidogo. Anasema polepole, “Bwana, wabariki waliochuma.” Kisha anabonyeza kitufe.

Aliyaona mengi. Kulikuwa na mzee mmoja kutoka kisiwa chetu cha Long Island aliyeambiwa mapera yake hayapiti. Mzee akarudi nyuma ya mstari, akasimama na kuanza kuyala moja baada ya jingine, maji yanamchuruzika kwenye tai. Waliokuwa nyuma yake kwenye foleni wakamwonea huruma, wakaanza kumsaidia. Siku hiyo, aliniambia Dada Eula, watu wasiojuana walitafuna pamoja kama kwenye karamu ya harusi, na maofisa wametulia wakingoja. Alizoa maganda ya mapera akitabasamu.

Kwao ni kisiwa cha Cat Island, kijiji cha Old Bight. Mama yake, Bibi Drucilla, bado yuko huko, macho yameingia ukungu lakini ulimi uko palepale. Nyuma ya nyumba yao pana mkwaju mkubwa, na chini ya mkwaju huo vimezikwa vitovu vya ukoo wote. Mtoto akizaliwa, kitovu kikidondoka, bibi anakichukua, anachimba kishimo kati ya mizizi, anakifukia na kuomba. Cha Dada Eula kiko pale. Cha binti yake wa pekee, Lavonda, kiko pale. Bibi Drucilla anasema mtu ambaye kitovu chake hakijazikwa hukaa duniani kama jani juu ya maji, kila upepo ni wake.

“Na aliyezikiwa?” nilimuuliza Bibi mwaka ule niliofuatana na Dada Eula kwenda kumwona.

“Aliyezikiwa hata akipotea, miguu inajua.”

Miguu ya Lavonda ilijua, lakini haikuwa na ruhusa. Alikwenda Miami kumtembelea shangazi wa marehemu baba yake, akapendana na kijana wa huko, wakaoana, na karatasi zake za kukaa zikawa zinangojewa. Akitoka kabla hazijakamilika, mlango unafungwa nyuma yake. Kwa hiyo Krismasi ilipofika alikuwa anapiga simu akilia, na mama yake anamwimbia nyimbo za kanisa mpaka anyamaze. Miaka ikaenda hivyo. Dada Eula anaingia Marekani kila siku, binti yake yuko Marekani kila siku, na hawakuonana.

Kwa nini hakwenda? Wengi walimuuliza. Mumewe, Alphonso, alilala kitandani muda mrefu na hakuwa na mwingine wa kumgeuza. Alipofariki, Dada Eula aliogopa. Aliniambia aliogopa dirisha. Alikuwa ameona watu wenye viatu vizuri wakigeuzwa, na alidhani akigeuzwa yeye, mbele ya wale anaowafutia meza, hataweza kushika fagio tena.

Ndipo Lavonda akajifungua mtoto wa kike, akampa jina la Drucilla.

Simu ilipigwa Jumapili, tumetoka ibadani, tumeketi kwa Dada Eula bado na magauni yetu meupe ya uhudumu na glavu mapajani. Lavonda alikuwa anaonekana kwenye kioo cha simu, uso umevimba kwa kukosa usingizi, mtoto begani.

“Mama, kitovu kimedondoka.”

“Ashukuriwe Mungu. Kiko wapi?”

“Ninacho. Nimekiweka kwenye pamba.” Akamgeuza mtoto begani. “Mama, huku ninakaa ghorofani. Chini ni saruji. Nikakizike wapi, kwenye maegesho ya magari?”

Dada Eula alizikunja glavu zake.

“Njoo, mama. Njoo umwone. Na uniletee udongo kidogo wa chini ya mkwaju, nitautia kwenye chungu, nikizike humo. Kidogo tu.”

“Kuja nitakuja,” alisema Dada Eula, na mimi niliyekuwa karibu nikageuka kumtazama, maana hakuwahi kulisema hilo. “Lakini udongo hauvuki. Kila siku naona unavyotupwa.”

“Kiganja kimoja, mama! Nani atajua?”

“Nitajua mimi. Na wakiniuliza nitawaambia, na wataumwaga. Usinitume nikadanganye, mwanangu.”

Lavonda akalia. Mtoto naye akalia. Bibi Drucilla alipigiwa simu jioni hiyo kwa jirani yake wa Old Bight na kuelezwa yote: kwamba Eula anakwenda, kwamba mtoto ana jina lake, kwamba udongo hauendi. Bibi akasikiliza mpaka mwisho.

“Sawa,” akasema.

Dada Eula alishangaa mama yake kukubali upesi hivyo. Nami nilishangaa. Tungekuwa na akili siku hiyo tungejiuliza zaidi.

Maandalizi yakaanza. Alikwenda polisi kuchukua cheti cha kuonyesha kwamba hana kosa, maana sisi hatuombi viza, lakini bila hicho hupiti. Alinunua sweta, kwa kuwa Vernice, mfagizi mwenzake, alimwambia ndani ya ndege kuna baridi ya kugandisha. Meli ya barua ilipotia nanga kutoka Cat Island ilileta kopo la biskuti lililofungwa kwa kamba ya katani: kashata za ufuta za Bibi Drucilla, zawadi ya Lavonda. Kashata zinaruhusiwa. Dada Eula alifungua kifuniko, akaona zimepangwa vizuri, akanipa moja, akafunga. Harufu yake ilikuwa ya ufuta na sukari iliyoungua kidogo, na nyuma yake kitu kingine, kama mvua ya kwanza. Nilidhani ni unyevu wa meli.

Alasiri ya kuamkia safari tulikuja kina dada wa kanisa kufunga begi. Kwetu mtu hafungi begi peke yake. Mmoja anakunja, mwingine anasema nguo hazikunjwi hivyo, wa tatu anatoa vyote na kuanza upya. Mimi nilitia shali ya mtoto niliyoifuma. Mke wa Bwana Granville alitia mafuta ya mbarika. Mwenyewe Bwana Granville alipiga kelele kutoka barazani kwake, “Eula! Safari hii ukikosa sabuni usirudi!” Dada Eula alikaa kitandani, mikono mapajani, akitutazama kama anatazama watu walio mbali, na midomo yake ilikuwa inasali.

Asubuhi nilimsindikiza mpaka pale watu wanapoagana. Mengine haya nimeyapata kwake mwenyewe, naye hazidishi.

Alisema alipouvuka ule mstari akiwa na tiketi, sakafu ilimgeukia. Ileile aliyoipiga deki jana yake, lakini sasa ilikuwa inang’aa kwa namna ya maji, na watu walikuwa wanaelea juu yake na mabegi yao bila sauti. Taa zilikuwa laini. Alimwona Vernice na pipa la njano, akataka kumwita, akapita tu. Aliwaza: hivi ndivyo wanavyouona wao, wote hawa niliowapisha miaka yote. Hakuna aliyeniambia kwamba panatisha hivi, na kwamba panapendeza.

Dirishani alikuwa Bwana Pruitt, ofisa mrefu mwenye nyusi nyeupe, ambaye kila asubuhi alikuwa anainua miguu yake Dada Eula apitishe fagio.

“Bi Eula!” akasema. “Leo hakuna fagio?”

“Leo nimekuja na miguu tu, Bwana Pruitt.”

“Unakwenda kwa nani?”

“Kwa mwanangu. Amejifungua.”

“Hongera sana. Begi umelifunga mwenyewe?”

“Nimelifunga mwenyewe,” akajibu Dada Eula. Nataka kulisema hili wazi, kwa kuwa baadaye lilimwuma: hakudhani anasema uongo. Sisi tuliolifunga tulikuwa mikono yake. Nani kwetu angejibu vingine?

“Kuna mtu amekupa kitu umchukulie? Matunda, mimea, mbegu, udongo?”

“Nina kashata za mama yangu. Vingine hapana.”

Bwana Pruitt alikuwa ameshainua mhuri. Lakini palikuwa na mbwa, yule mdogo mwenye masikio marefu anayetembezwa kwenye foleni kunusa mabegi. Anaitwa Molly. Dada Eula ndiye aliyekuwa anajaza bakuli lake la maji. Molly alipomwona alitikisa mkia, akamsogelea kama anavyomsogelea siku zote. Akanusa begi. Mkia ukasimama. Akakaa chini.

Mbwa yule akikaa chini, kila mtu ukumbini anajua maana yake.

“Molly,” alisema Dada Eula kwa sauti ndogo, “ni mimi.”

Mbwa akamtazama kwa macho yake ya upole na hakuinuka.

Wakalifungua begi juu ya meza ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameifuta jana yake. Shali, mafuta, sweta, nguo za ndani zilizomfanya atamani ardhi ipasuke. Kisha lile kopo. Bwana Pruitt alitoa kashata kwa mikono yenye glavu, tabaka la kwanza, la pili. Chini yake palikuwa na kitambaa cheupe kilichoshonwa pande zote kwa uzi mwekundu, mishono mirefu iliyopinda ya mtu asiyeona vizuri. Akakikata pembeni. Udongo mweusi ukamiminika mezani, na ndani yake mbegu ya ukwaju iliyokuwa imeanza kupasuka, kichipukizi cheupe kimejikunja kama kidole cha mtoto.

Hapo ndipo Dada Eula alipokumbuka alichosahau, na ni jambo ambalo kila mtu wa Old Bight analijua. Udongo wa kitovu ukipelekwa mbali, anayeubeba haambiwi. Akijua, unakuwa mzigo wake, na mtoto hautamshika. Ndiyo maana bibi alisema “sawa” na kunyamaza.

“Bi Eula,” alisema Bwana Pruitt. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Ulijua?”

“Sikujua.”

“Nani kautia?”

Aliniambia hapo ndipo alipopata taabu kweli, maana jibu la haki lilikuwa linamsogeza mama yake kizee mbele ya serikali ya watu. “Ni mama yangu,” akasema mwishowe. “Haoni vizuri, lakini amefanya kwa makusudi. Ni udongo wa kuzikia kitovu cha mtoto. Na umenikuta nimesema hapana, kwa hiyo niandike tu kama nilivyosema.”

Nyuma yake mwanamke mmoja mwenye kofia kubwa alikuwa amechoka kusubiri. “Jamani mama, ama pita ama tupishe! Ndege haingoji kashata!”

“Nyamaza wewe,” akasema Vernice, aliyekuwa amefika na pipa. “Huyu ndiye anayekusafishia choo unakokwenda kukojoa saa hii kwa woga.”

Watu wakacheka, mwanamke akashusha kofia. Bwana Pruitt hakucheka. Alitazama ile mishono myekundu.

“Mimi nakuamini,” akasema. “Hata hivyo udongo hauvuki. Una njia mbili, unazijua. Uuache hapa, nikupigie mhuri uende. Au ughairi safari, uchukue vitu vyako vyote, udongo na mbegu, urudi kwa mlango ulioingilia. Hakuna atakayekuandika vibaya. Lakini leo hutaondoka.”

Alikuwa amewaona wengine wakipewa njia hizo, akisafisha pembeni. Sasa zilikuwa zake. Akirudi na udongo, mama yake atakuwa hajadharauliwa, na kichipukizi kitaota nyuma ya nyumba yake Fox Hill, na Lavonda ataendelea kungoja peke yake ghorofani na mtoto ambaye hajashikwa na mtu wa kwao hata mmoja. Akiuacha, anakwenda mikono mitupu, na udongo wa vitovu vyote, cha kwake, cha bibi zake, unaingia pipani. Alisimama. Nje ya kioo yule ndege mweupe alikuwa kwenye maji. Alisema muda ulikatika, sauti zikaenda mbali, akasikia kama majani ya mkwaju yanapukutika juu ya paa la bati, lile la utotoni. Alikuwa anasali bila maneno.

Kisha akakikunja kile kitambaa yeye mwenyewe, kwa makini, asimwage, akakiweka ndani ya pipa la njano.

“Usiniangalie hivyo, Dada Eula,” akasema Vernice, macho yamejaa machozi. “Mimi nasukuma tu.”

“Sukuma, mdogo wangu. Ukifika sema yale maneno yangu ya baraka.”

“Nitayasema.”

Mhuri ukapigwa. Kashata akarudishiwa. Molly alikuwa bado amekaa, na Dada Eula aliinama akamgusa sikio, kwa sababu mnyama alikuwa amefanya kazi yake.

Ndani ya ndege alipewa kiti cha dirishani. Hakuogopa hata kidogo, aliniambia, alikuwa amechoka mno kuogopa. Nassau ikainama chini, ikawa ndogo, kisha ikaja bahari yetu ya kina kifupi, ile ya kijani inayofifia kuwa nyeupe pale mchanga unapokaribia kutoka. Aliutafuta mstari. Kwa ujinga tu, alisema, alitazama chini akitafuta ule mstari wa sakafuni, ambao kwa miaka yote aliupitishia fagio juu na chini, akidhani utaendelea mpaka baharini. Maji yalikuwa maji tu. Vivuli vya mawingu vilikuwa vinatembea juu yake, vingine vinakwenda Miami, vingine vinarudi kwetu.

Akasinzia. Akamwona mama yake ameketi chini ya mkwaju akishona kwa uzi mwekundu, na alichokuwa anakishona ni bahari, anaivuta pande mbili zikutane. “Mama, wameutupa,” akamwambia. Bibi Drucilla hakuinua kichwa. “Vinavyorudi wanavikagua?” akauliza.

Alipoamka ndege ilikuwa inashuka, na swali lilikuwa bado kinywani mwake. Vinavyorudi. Miaka yote alikuwa ametazama mlango wa kutoka. Hakuwahi kuwaza ule wa kuingia, upande wetu, ambako vijana wetu wa forodha wanataka kujua tu umenunua viatu vingapi na televisheni ya ukubwa gani ili wakutoze ushuru. Nani kati yao atauliza habari ya kitovu cha mtoto kwenye pamba?

Alitoka nje pale Miami bila kuulizwa na mtu. Lavonda alikuwa anamngoja na gari kando ya barabara, amenenepa, nywele kazikata, mtoto kifuani kwenye kitambaa. Walishikana wakakaa hivyo mpaka polisi wa barabarani akawapigia filimbi wasogeze gari. Njiani hawakusema mengi. Nyumbani, ghorofani, Dada Eula alinawa mikono, akampokea mtoto, akamtazama vidole. Alikuwa na masikio ya marehemu Alphonso.

“Umeniletea?” akauliza Lavonda.

Akamweleza. Kopo, mishono, Molly, pipa. Lavonda alikaa sakafuni akaegemea miguu ya mama yake na kulia, siyo kwa sauti. Alisema alikuwa ameshanunua chungu. Kilikuwa pale dirishani, kipya, bado kina karatasi ya dukani. Kisha akainuka akaleta kikopo cha poda, akakifungua, akamwonyesha ile pamba na kitu kidogo kikavu kilichokuwa ndani yake, na kabla mama yake hajakigusa akakifunga tena na kukibana kifuani kwa mikono yote miwili.

“Hiki ndicho nilicho nacho, mama. Nilitaka kikae karibu nami.”

Dada Eula alimrudishia mtoto. Akamfuta uso kwa kiganja, kama alivyokuwa akimfuta akiwa mdogo, kisha akanyoosha mkono.

“Nipe, mwanangu. Nitarudi nacho nyumbani, nikakizike mimi na bibi yako.”